Karatasi Kwenye Kopo la Pancha

Kwako Mama Kocha, huko uliko,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeniuliza hilo kwanza, hata kabla ya salamu. Ungenitazama miguu uone kama nimenenepa, halafu ungetaka kujua ni nani huyo mwenye bahati. Leo ni siku ya kumi. Kila asubuhi nikifungua macho nashtuka kuona viatu vya mwanamume karibu na mlango, halafu nakumbuka kwamba ni vya Ekisa, na Ekisa ni mume wangu, nami natabasamu peke yangu hadi mashavu yanauma.

Ni Mteso wa Angurai, fundi wa pancha hapa Malaba. Utanisamehe, lakini lazima nikuambie kuhusu mikono yake. Akikaza nati ya gurudumu la lori kuna mshipa mmoja unaoinuka kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, na mimi mwanao nimeshaunguza maharagwe mara mbili nikiutazama mshipa huo. Asubuhi ananichemshia maji ya kuoga kabla hajafungua kazi. Ananiita "namba sita", kama ulivyokuwa ukiniita wewe uwanjani. Sikuwahi kujiuliza amelitoa wapi jina hilo. Nilidhani nilimwambia mimi.

Siku ya harusi ulikuwa nami, hata kama ulizikwa mwaka jana. Bibi zake walinizunguka pale nyumbani kwao, mmoja akasema nimekonda kama mti wa kuanikia nguo, mwingine akauliza kama kule Butula huwa tunakula chakula au tunakitazama tu, wa tatu akaniinua mkono akauangalia kama anayenunua kuku. Bibi arusi anatakiwa atulie, asinune na asicheke, hadi wachoke. Nikafanya ulivyotufundisha. Kwa kidole gumba nikatafuta kifungo cha gauni, kama nilivyokuwa nikitafuta tundu la kujazia upepo kwenye mpira wa voliboli kabla ya kupiga sevu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo. Nikavuta pumzi moja ndefu. Nikajiuliza lile swali lako: mpira uko wapi? Walichoka wao. Bibi mkubwa alinipiga bega akasema, "Huyu mmemwoa kweli au mmemwazima kwa polisi?" Nikakushukuru kimoyomoyo. Nikasema kila kilicho kigumu ndani yangu umekitia wewe.

Siku tano baadaye nikaipata karatasi.

Lakini ngoja kwanza, nataka tukumbuke pamoja, ili ujue ni nini hasa kilichoniangukia.

Unakumbuka foleni ya malori. Karatasi za forodha zilikuwa zikichelewa, malori yanajipanga kutoka mpakani hadi kupita uwanja wa shule yetu ya bweni hapa Malaba, siku mbili, siku tatu, madereva wamekaa kivulini chini ya trela wakichemsha chai na kuichoka dunia. Kila mtu aliwaona kero. Wewe ukaona mashabiki wa bure. Uliwaendea na birika na ndoo ya mandazi, ukawaomba waje wakae pembeni mwa uwanja wetu wa voliboli na watutukane. "Sio matusi ya nguoni," uliwaonya. "Ya kuudhi tu."

Ulikuwa na imani moja, kwamba timu yetu haishindwi mikononi, inashindwa masikioni. Tulikuwa tukipiga vizuri nyumbani, halafu tukienda ugenini, watu wakizomea kidogo, sevu zinaingia wavuni moja baada ya nyingine. Basi ukaamua kelele zije nyumbani kwetu. Na zilikuja. Kulikuwa na yule Mkongo mwenye sauti tamu aliyeuliza, "Dada, huo mpira ni wa kupiga ao wa kubembeleza?" Kulikuwa na Mganda mnene aliyekuwa akilalamika kwa huzuni kila nikikosa, "Nyabo, mpira haukuumi, uguse tu." Wiki ya kwanza tulilia. Wiki ya pili tulicheka. Wiki ya tatu hatukuwasikia tena, na wao wakaanza kutushangilia bila kujua, ukawafukuza kwa kuharibu kazi.

Na kabla ya kila mechi ulitusuka. Wewe mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mistari sita ya kulala nyuma ili nywele zisituingie machoni. Tulikaa chini katikati ya magoti yako, kichwa kimeinama, hakuna anayekuona uso. Nadhani ndiyo maana tulisema yote pale. Mimi nilikuambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba mama yangu aliondoka nikiwa na miaka saba, akavuka kwenda Uganda na kikapu, akasema atarudi kabla maharagwe hayajaiva. Kwamba nilikaa jikoni nikiyatazama hayo maharagwe, nikayaongeza maji yasiive. Mikono yako ilisimama kichwani mwangu. Halafu ukaendelea kusuka, polepole zaidi. Tangu siku hiyo nikaanza kukuita Mama Kocha, na wenzangu wakafuata.

Ilikuwa wiki moja kabla ya fainali ya Busia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari, mpira mkononi, madereva wakipiga kelele zao za kawaida. Ndipo sauti ngeni ikatoka juu, kwenye paa la kichwa cha lori, jua likiwa nyuma yake nisimwone uso.

"Namba sita. Mama yako yuko wapi?"

Mpira ulinitoka. Hata sikuudondosha, ulinitoka tu, kama mikono si yangu. Nikapiga magoti pale pale vumbini. Nilikutazama wewe, nikitegemea utakuja mbio, na wewe ulikaa kwenye kiti chako cha plastiki, miguu umeikunja, na ukaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpira uko wapi?"

Nikatazama. Ulikuwa umeviringika hadi kwenye nyasi. Nikaufuata. Nikatafuta tundu kwa kidole. Nikapiga. Ukavuka wavu.

Kwa miaka yote hii nimeisimulia siku hiyo kama hadithi ya jinsi ulivyoniokoa. Niliamini mtu fulani wa Butula alipita na lori, akanijua, akatoboa siri yangu, na wewe kwa swali moja ukaniinua. Kule Busia, seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu, sevu ni yangu, mashabiki wa wapinzani walikuwa wameshalipata hilo neno, na wakaliimba. Wenzangu ndio walioniambia baadaye, tukirudi. Mimi sikulisikia. Nilikuwa na tundu la mpira chini ya kidole.

Na siku ile ile, sauti ya juu ya lori ilipomgeukia na kumtaja baba yake, Taaka, namba tisa wetu, mchezaji mwenye mkono mzito kuliko sisi sote, alivua jezi katikati ya mazoezi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti na kwenda nyumbani. Hakurudi uwanjani tena. Sisi tulisema hana moyo. Nilisema mimi, kwa mdomo huu huu.

Sasa nirudi kwenye karatasi.

Mwalimu mkuu wa shule alikuja wiki ya harusi yangu akaniletea filimbi yako, na ile kamba yake ya bluu. Anataka nichukue nafasi yako, niwanoe wasichana kwa mechi za mwezi ujao. Nilimwomba anipe hadi Ijumaa, nionekane mtu wa kufikiri, lakini moyoni nilishakubali. Nilishajua hata nitakuwa nikiwanunulia madereva mandazi wapi.

Jumatano asubuhi, kwa sababu mimi ni mke mpya na nataka kila kitu ndani ya banda la mume wangu king'ae, nilitoa makopo yake yote nje niyaoshe. Kwenye kopo moja la viraka vya pancha, chini kabisa, kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Niliutambua mwandiko kabla sijasoma neno. Ule mwandiko wako uliosimama wima kama ua wa miti. Majina yetu wasichana sita na namba zetu, na mbele ya kila moja, kitu cha kumwambia. Mwingine ni miguu yake. Mwingine ni kwamba alirudia darasa. Namba tisa: baba yake hulala njiani akilewa, watoto humruka wakienda shule. Namba sita: mwulize mama yake yuko wapi.

Maji ya sabuni yalikauka mikononi. Nilikuwa nikisoma mwandiko wa mtu aliyenisuka nywele. Niliigeuza karatasi, kama kwamba upande wa pili kungekuwa na maelezo. Kulikuwa na alama ya duara ya mafuta ya mandazi, basi.

Ekisa alitoka na jeki mkononi, akaniona, akaona kilicho mkononi mwangu. Akaiweka jeki chini taratibu, akakaa juu ya tairi.

"Ni mimi," akasema. "Aliyekuwa juu ya lori ni mimi."

Mama Kocha, mimi nilipigwa na wimbi mara mbili kabla sijavuta pumzi. Alikuwa taniboi wakati huo, msaidizi wa dereva mmoja wa Kigali, amekaa kwenye foleni siku ya tatu. Ulimwita pembeni kwa sababu alikuwa na sauti kubwa. Alisema alipoisoma karatasi alikurudishia, akakuambia mengine atayasema lakini hilo la namba sita hapana. Na wewe ukamjibu hivi, ameyashika maneno yako yote: "Siku moja ataisikia kwa mtu asiyempenda. Afadhali aanze kuisikia mimi nikiwa hapa."

Akaichukua tena karatasi, akapanda juu ya lori, akasema. Aliniona nikipiga magoti. Akasema hajawahi kuisahau ile namna nilivyoufuata mpira kwenye nyasi. Ndiyo maana lori lilipoondoka yeye alibaki Malaba, akajifunza pancha. Na mwaka juzi nikaja na baiskeli yenye tairi iliyolala, nikidhani namwona mtu mgeni.

"Nilitaka kukuambia siku hiyo hiyo ya pancha," akasema. "Halafu ukacheka kitu fulani. Nikasema kesho."

Kesho hiyo ilichukua miaka miwili na harusi moja.

Sikumsemesha hadi siku ya pili yake. Jaribu kumnunia mume katika chumba kimoja chenye sufuria moja. Nilimpakulia chakula nikiwa nimetazama ukuta. Na aibu yangu ni kwamba hata nikiwa na hasira hivyo, alipoinama kufunga kamba za viatu nilimwona mzuri, nikazidi kukasirika. Lakini yeye nilijua nitamsamehe. Alikuwa kijana aliyepewa karatasi na mtu mzima, na kwanza alikataa. Wewe ndiye nisiyejua nikufanye nini. Wewe sikuwa na ukuta wa kukunyima uso.

Nilitaka kuirudisha filimbi Alhamisi. Nilishaikunjia kamba. Halafu nikafikiri kuna mtu mwingine mwenye haki ya kuiona hiyo karatasi, nikapanda boda hadi Butula.

Taaka anauza nyanya sokoni. Alikuja kwenye harusi yangu na beseni kubwa la maua mekundu, akacheza hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Aliponiona akaanza utani kwa wenzake kwamba bibi arusi ametoroka, ndoa imedumu kuliko mkate lakini si sana. Nikamwomba tukae nyuma ya meza yake. Nikampa karatasi.

Alisoma mstari wake. Akasoma wangu. Akairudia tena yote tangu juu. Alipoinua uso macho yalikuwa makavu.

"Kwa hivyo hukuwa wewe," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza, huku akipanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Habari za baba yake alizisema kwa watu wawili tu maishani mwake. Mmoja ni wewe, akisukwa. Mwingine ni mimi, siku moja tukirudi kuteka maji. Alipoisikia ile sauti ya juu ya lori alijua kwa hakika kwamba wewe hungeweza, basi ni mimi. Ndiyo maana alikunja jezi. Hakuondoka kwa sababu ya kelele. Aliondoka kwa sababu hakuweza kumpigia pasi mtu aliyemuuza.

Nikamuuliza, sasa harusini ulikuja kufanya nini, kama uliamini hivyo miaka yote.

"Kucheza," akasema. "Ulikuwa rafiki yangu kabla ya hapo."

Ulitufundisha kwamba moyo mgumu ni ule usiosikia. Nimeringa nao miaka yote, mimi shujaa wa seti ya tano, na kumbe yule tuliyemwita dhaifu aliweza kunibebea beseni la maua mekundu, akanichezea harusi yangu kwa miguu yote miwili, akiamini kwamba ni mimi niliyemwanika mbele ya madereva. Mimi sevu moja nilipiga bila kusikia. Yeye alisikia kila kitu, na akaja.

Nikamwambia naenda kuirudisha filimbi. Akanitazama kama aliyesikia bei ya kijinga.

"Halafu wampe nani? Chukua. Lakini hawa watoto waulize kwanza."

Hiyo tu. Akarudi kwa wateja wake, na mimi nikapewa nyanya kilo nzima nimpelekee Ekisa, eti anisamehe kwa kununa.

Ijumaa nilimwambia mwalimu mkuu ndiyo. Jana Jumamosi asubuhi tukafanya mazoezi ya kwanza. Malori yapo, si mengi kama zamani, lakini madereva waliochoka hawakosekani. Ekisa aliwaita. Nikawapa wasichana karatasi kila mmoja, waandike wenyewe wanachokubali kuzomewa, na wasichokiandika hakitatajwa uwanjani na mtu yeyote, hata mimi sitauliza. Mmoja aliandika pua yake. Mwingine aliandika jina la kijana fulani, wenzake wakacheka hadi wakaanguka. Mmoja, yule mdogo wa kusevu, alikaa na kalamu muda mrefu, akairudisha karatasi tupu. Nikaipokea kama zingine, nikaiweka mfukoni. Nilijua wewe ungeupata mstari wake. Ungemsuka, ukaupata.

Kisha nikawaambia mimi ndiye wa kwanza. Nikaenda nyuma ya mstari na mpira. Ekisa akapanda juu ya kichwa cha lori, safari hii jua lilikuwa mbele yake, nilimwona uso wote. Nilikuwa nimemwomba tangu asubuhi. Alikataa, nikamwomba tena, nikamwambia safari hii karatasi nimeandika mimi. Alifungua mdomo, akaufunga. Madereva wakaanza kumzomea yeye, wakimuuliza kama mke amemkaba koo.

"Namba sita," akasema, na sauti yake kubwa ile ilikuwa imepasuka katikati. "Mama yako yuko wapi?"

Nilisikia, Mama Kocha. Nilisikia yote, neno kwa neno. Niliyasikia maharagwe yakitokota. Nilikusikia wewe ukiacha kusuka. Kidole kikatafuta tundu, kikalipata, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalijibu swali hilo kwa sauti, mbele ya watu.

"Sijui. Mpira huu hapa."

Nikapiga. Sitakudanganya kwamba ilikuwa sevu nzuri. Iligusa wavu juu, ikasimama pale kidogo kama inayofikiri, halafu ikaangukia upande wa pili. Madereva walinishangilia, na sikuwafukuza.

Karatasi yako sijaichoma. Nimeirudisha kwenye kopo, pamoja na ile tupu ya msichana mdogo, juu ya viraka. Nina hasira nawe ambayo sijui itaisha lini, na nakukosa hadi nashindwa kupumua, na ungeingia sasa hivi mlangoni ningekaa chini katikati ya magoti yako unisuke kwa mechi. Ningekaa. Ila safari hii ningegeuza kichwa kwanza nikutazame usoni, nikuulize kwa nini hukuniuliza.

Lala salama, Mama Kocha. Ekisa anaita, anasema kuna harufu ya maharagwe.

Mwanao, namba sita